Sura ya Sita: Mawaziri 24 kwenye Benchi la Makambako

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na karibu kila aliyeuliza alikuwa amesimama, mikono mfukoni, akitazama wenzake wakicheza: "Hivi chesi na drafti, ipi ngumu?" Makambako anayeuliza ni utingo wa lori anayengoja tairi lizibwe. Njombe mjini ni mwalimu, au kijana wa bodaboda aliyefunga zipu ya koti mpaka kidevuni kwa baridi ya Juni. Nimejifunza kutolijibu haraka, kwa sababu ndani yake mna swali la pili ambalo watu huona haya kulitamka: je, chesi ni drafti ya wasomi, na drafti ni chesi ya watu wasio na shughuli?

Jibu fupi lipo, na nitalitoa kabla sura haijaisha. Ila jibu refu ndilo tamu, maana linapita India, Uajemi, Baghdad na Ufaransa kabla ya kushuka kwenye benchi la mbao kando ya barabara ya Zambia.

Tukubaliane maneno kwanza. Chesi, au sataranji kwa jina lake la zamani la Kiswahili, ni mchezo wa watu wawili kwenye ubao wa miraba 64. Kila mmoja ana vipande 16 vya aina sita, na kila aina ina mwendo wake. Anayembana mfalme wa mwenzake asipate pa kukimbilia ndiye mshindi. Drafti huchezwa kwenye ubao uleule wa miraba 64, lakini kete zake ni za aina moja tu, 12 kwa 12. Zinatembea kwa mshazari, yaani kutoka kona kuelekea kona, na unakula kete ya mwenzako kwa kuiruka. Kete ikifika mstari wa mwisho upande wa pili inakuwa kingi. Na kijiwe, kwa ambaye hajawahi kukaa, ni mahali popote watu wanapokutana kila siku bila kualikana.

## Mji wa kusubiri

Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inapita hapo, na ni hapo inapochomoka ile ya kuelekea Njombe, kilomita 60 hivi, kisha Songea. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ikaunganisha Dar es Salaam na Kapiri Mposhi kwa kilomita 1,860, nayo ina stesheni yake mjini humo. Mji wa namna hii huishi kwa kusubiri. Dereva anasubiri mzigo wa viazi ujae. Mwenye mbao anasubiri mnunuzi aliyesema yuko njiani. Abiria wa Songea anasubiri basi, fundi anasubiri spea, na bodaboda wanasubiri abiria. Watu wanne wakisubiri pamoja zaidi ya saa moja, mmoja wao atatoa ubao.

Ubao wenyewe haununuliwi. Njombe ni nchi ya mbao. Milimani kumejaa mipaini na milingoti, na miwati ya Kibena ilianza kupandwa kibiashara tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Kipande cha paini kilichobaki kwenye mashine ya kupasulia, rula ya mwanafunzi na kalamu ya wino mzito vinatosha kabisa. Kete ni visoda, vile vizibo vya chupa za soda na bia. Mmoja anavilaza kifudifudi, mwenzake anavilaza chali, na jeshi limekamilika. Nimeona ubao uliochorwa nyuma ya mlango wa kabati, mwingine juu ya stuli ya fundi viatu, na mwingine juu ya boneti la gari ambalo, kwa jinsi lilivyoota kutu, lilikuwa halina safari nyingine.

Sheria za kijiwe hazijaandikwa popote, lakini mgeni akizivunja atajua:

- Mshindi anakaa, aliyefungwa anapisha.
- Kula ni lazima. Hakuna "sikuiona."
- Mtazamaji anaruhusiwa kusema lolote, ila mkono wake usiguse kete.
- Umri haukupi kete ya ziada. Mzee atafungwa na kijana wa darasa la saba, na atasalimiwa kwa heshima ileile kabla na baada.

Sheria hiyo ya mwisho ndiyo inayonivutia zaidi kuliko zote. Katika nyumba nyingi za Wabena, wenyeji wa Njombe, kama kwingine Tanzania, kijana hambishii mzee hadharani. Kwenye ubao anaruhusiwa kumbishia kwa saa nzima, na wote wanaomzunguka wanacheka.

Mimi nilipigwa drafti yangu ya kwanza Makambako nikisubiri gari la Njombe. Aliyenipiga alikuwa fundi viatu, mzee, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene," nilimsalimu.

"Kamwene, mwanangu. Unajua kucheza?"

"Kidogo, mzee."

"Wote husema kidogo. Kaa."

Akaniachia kete mbili nikala. Nilikuwa bado natabasamu alipochukua nne zangu kwa mkono mmoja, kisoda kikigonga ubao ta, ta, ta, ta. "Nilikuwa nakulisha," akasema, akirudi kwenye kiatu alichokuwa akikishona. "Mtu haendi vitani na njaa."

## Neno linalosafiri na mauti ndani yake

Sasa tuondoke Makambako kidogo. Miaka kama 1,400 iliyopita, kaskazini mwa India, watu walicheza mchezo ulioitwa chaturanga. Maana yake ni viungo vinne, na viungo vyenyewe ni vya jeshi: askari wa miguu, wapanda farasi, tembo, na magari ya vita ya kukokotwa. Waajemi wakauchukua wakauita chatrang. Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya saba wakaukuta, wakautamka shatranji. Ulimi wa pwani yetu nao ukachomeka irabu yake, ikawa sataranji.

Usilipite neno hilo haraka. Wakati Mswahili wa kawaida anadhani chesi ni kitu cha Wazungu, kinywani mwake tayari amebeba nusu ya vipande vyake. Mfalme wa mchezo huo aliitwa shah, neno la Kiajemi, na sisi tunalo: mshairi bingwa tunamwita shaha. Aliyesimama kando ya mfalme alikuwa mshauri wake, waziri, na waziri hatuhitaji kumfafanua. Aliyeruka kwa kona aliitwa faras, ndiye farasi. Na mfalme akibanwa, mchezaji alitangaza "shah mat." Wajuzi wa lugha wanasema mat ya Waajemi ilimaanisha aliyeishiwa njia, lakini sikio la Mwarabu lilisikia amekufa, lenye mzizi mmoja na mauti na maiti. Mzungu akaubeba msemo huo mzima mpaka kwao, na mpaka leo anautamka akimshinda mwenzake, bila kujua kwamba angeweza kumuuliza maana yake mtu yeyote anayechimba kaburi Tanga.

Baghdad ya karne ya tisa na ya kumi ilikuwa na mabingwa wanaolishwa na makhalifa, na vitabu vya mafumbo ya sataranji. Mmoja wao, Abu Bakr as-Suli, aliacha fumbo ambalo lilikaa zaidi ya miaka 1,000 kabla bingwa wa Urusi, Yuri Averbakh, hajaonyesha jibu lake.

Hekaya nayo haikosi. Inasemwa kwamba aliyeubuni mchezo aliulizwa na mfalme anataka zawadi gani. Akaomba nafaka: punje moja kwenye mraba wa kwanza, mbili kwenye wa pili, nne kwenye wa tatu, ziwe zinazidishwa maradufu hivyo mpaka wa 64. Mfalme akacheka. Niliwahi kuwasimulia madereva pale kijiweni nikitumia mahindi, nao hawakucheka, wakatoa simu na kupiga hesabu. Tukikadiria kwamba punje tatu za mahindi zina gramu moja, ukifika nusu ya ubao, mraba wa 32, unahitaji karibu malori 48 ya tani 30. "Hapo bado tunapakia," akasema mmoja. Ukimaliza ubao mzima, mahindi yote yanayovunwa duniani kwa mwaka hayatoshi. Unahitaji mavuno ya miaka karibu 5,000.

## Waziri asiye na wizara

Katika sataranji ile ya Baghdad hakukuwa na malkia. Kando ya mfalme alisimama waziri, na alikuwa mnyonge. Aliruhusiwa kwenda hatua moja tu, kwa mshazari. Yaani alikuwa kama waziri asiye na wizara maalumu: yuko karibu na mkubwa, lakini mamlaka yake yanaishia kwenye kona ya meza. Tembo naye aliruka miraba miwili kwa mshazari, basi. Mchezo ulienda polepole, na wachezaji walitumia muda mrefu kupanga jeshi kabla ya damu ya kwanza.

Kupitia Hispania na Sicilia, zilizokuwa chini ya Waislamu, mchezo ukaingia Ulaya kabla ya mwaka 1000 au karibu na mwaka huo. Wazungu hawakuwa na habari na waziri, wakamgeuza malkia. Kwa karne nyingi malkia huyo aliendelea na hatua yake moja ya unyonge. Halafu, miaka ya mwisho ya karne ya 15, huko Hispania na Italia, akapewa uwezo wa kwenda popote, mbali kadiri njia ilivyo wazi. Tembo, ambaye Waingereza walishamwita askofu, akapewa mshazari wote. Mchezo ukawa mkali ghafla. Chesi inayochezwa leo duniani, inayosimamiwa na shirikisho la kimataifa liitwalo FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, ni hiyo yenye malkia huyo.

Lakini kuna jambo lilitokea kabla malkia hajapata nguvu, na ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Karibu na karne ya 12, kusini mwa Ufaransa, mtu ambaye jina lake halikubaki alichukua ubao wa chesi, akaondoa mfalme, farasi, tembo na wengine wote. Mahali pao akaweka vidude vya duara, bapa, vya mchezo mwingine. Kila kidude akakipa mwendo wa waziri: hatua moja kwa mshazari. Namna ya kula kwa kuruka akaiazima kwa mchezo wa Kiarabu ulioitwa al-qirkat. Na vidude hivyo Wafaransa wakaviita kwa jina lilelile walilomwita waziri wa chesi, lililotokana na firz ya Kiarabu. Hivyo ndivyo wanavyoeleza wengi wa wanahistoria wa michezo, na ushahidi mkubwa ni hilo jina. Sharti la kula kwa lazima lilikuja baadaye, katika karne ya 16. Waingereza wakauita mchezo huo jina ambalo sisi tumelitamka drafti.

Rudi sasa kwenye stuli ya yule fundi viatu. Visoda 24. Kila kimoja kinakwenda hatua moja kwa mshazari, kama waziri wa khalifa alivyokwenda. Chesi ya kisasa imembadilisha waziri mpaka hajulikani. Drafti imemhifadhi kama alivyokuwa. Mzee yule alikuwa amekalia benchi akiwa na mawaziri 24 wa Baghdad mbele yake, wengine kifudifudi, wengine chali.

Kwa ufupi. Sataranji ilitoka India, ikapita Uajemi na Uarabuni, ikafika kwetu kama neno kupitia Bahari ya Hindi na ikafika Ulaya kama mchezo. Drafti ilizaliwa juu ya ubao wa sataranji na inatumia mwendo wa kipande chake kimoja cha kale, waziri. Kwa hiyo drafti si chesi ya wajinga. Ni mtoto aliyeondoka nyumbani kabla baba hajabadilisha tabia.

## Kwa nini waziri alipanda mlima, mfalme akabaki chini

Lipo swali la haki hapa. Kama neno sataranji lilifika pwani zamani, kwa nini mchezo wenyewe haukupanda mpaka Njombe, na drafti ambayo ilikuja nyuma imejaa kila kona?

Watu husema kwa sababu chesi ni ngumu. Siamini. Bao, mchezo wetu wa mashimo na kete, ni gumu kuliko tunavyokiri, na bado tunalicheza. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na linaanza kila mchezaji akiwa na kete kumi tu ubaoni, sita kati yake ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza moja moja. Mtu anayenamua, akahesabu kete zitaishia wapi baada ya kuzunguka, na akajua mwenzake atajibu nini, anafanya kazi ya akili isiyopungua ya bingwa yeyote wa chesi. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa bao Zanzibar akaandika kitabu kizima kuhusu mipaka ya akili ya binadamu kwa kuwatazama wao. Mwalimu Nyerere alilicheza, na kwao Butiama walilijua hilo. Waganda wana mweso wao wenye mashimo na kete idadi hiyohiyo, na kwa majirani zetu wa Malawi linaitwa bawo. (Usijenge nadharia juu ya kukutana kwa 64 za bao na 64 za ubao wa chesi. Watu wanaopenda kugawa kwa nusu kila mara hufika hapo.)

Ugumu basi si kizuizi. Kizuizi ni vitu. Bao ukikosa ubao unachimba mashimo ardhini na kuokota kokoto. Drafti inakula takataka za baa. Lakini chesi inadai maumbo sita tofauti, na maumbo hayo yakipungua moja, seti imekufa. Kichwa cha farasi hukipati kwenye kreti la soda.

Linganisha na karata. Wareno walikuwa na nguvu pwani yetu kwa karibu miaka 200, na walipong'olewa Fort Jesus mwaka 1698 waliacha mambo machache ambayo watu waliyataka. Karata ni mojawapo. Neno lenyewe ni la Kireno, na kopa na shupaza ni za Kireno pia. Pakiti inaingia mfuko wa shati, ikapanda mlima kirahisi pamoja na wachuuzi na askari. Kuna michezo iliyoenea kwa sababu ni mizuri, na kuna iliyoenea kwa sababu haina uzito.

Jambo la pili ni watazamaji. Kijiwe cha watu kumi na ubao mmoja kina wachezaji wawili na makocha wanane. Drafti unaielewa ukiwa umesimama, ukiwa umefika sasa hivi na kikombe cha chai mkononi: unaona nani ana kete nyingi, nani ana kingi. Chesi inakutaka ukae kimya ufikirie, na watu wengi wanaojaribu kuileta kwetu wanaileta na ukimya wake, kana kwamba ukimya ni sehemu ya sheria. Baridi ya Njombe haivumiliki kimyakimya.

## Je, ni mchezo wa wavivu?

Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwataka wakuu wa mikoa wasiwavumilie vijana wanaocheza pool asubuhi, saa za kazi. Tangu hapo, na hata kabla yake, drafti nayo hutupwa kwenye kapu hilohilo kila kiongozi anapopita na kuona watu wameinama juu ya ubao saa nne.

Lawama hii ina umri mkubwa. Mwaka 1061 kadinali Peter Damian alimlalamikia askofu wa Florence aliyecheza chesi safarini. Wanazuoni wa Kiislamu walibishana kwa karne nyingi kama sataranji ni halali, wengi wakisema ubaya wake unategemea kamari na kuchelewesha sala. Iran, nchi iliyoupa mchezo neno shah, iliupiga marufuku baada ya mapinduzi ya 1979, kisha Ayatollah Khomeini akauruhusu tena mwaka 1988, mradi hapana kamari.

Kamari ndiyo mstari ninaoukubali. Nimeona kijiwe kilichoharibika siku ile buku lilipowekwa chini ya ubao: wazee wakaacha kuja, na kicheko kikaondoka nao. Lakini kuhusu uvivu, nawaomba wanaolaumu wasimame dakika 20 watazame. Fundi viatu hachezi badala ya kushona. Anacheza katikati ya viatu viwili. Dereva hakuacha mzigo, mzigo ndio haujafika. Na pale benchini ndipo habari zinapopita: bei ya viazi imefika ngapi, lori la nani limekwama wapi, nani anatafuta kibarua wa kuchuma parachichi, nani amefiwa na mchango unakusanywa kwa nani. Mgeni mjini, asiye na ndugu, akitaka kujulikana haraka atafute kijiwe cha drafti na afungwe mara tatu bila kununa.

Kinachonikera mimi ni kingine kabisa. Tazama benchi lolote la drafti utafute mwanamke. Mama ntilie anapita na sahani, anatupa jicho kwenye ubao, na mara nyingine anaona kete ya kuliwa kabla ya mchezaji. Lakini hakai. Hakuna aliyemkataza. Hakuna pia aliyemsogezea nafasi.

## Uji wa Katwe

Chesi ilipata nafasi kwa jirani yetu mmoja kwa njia ambayo Njombe inaweza kuielewa. Katwe ni mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Kampala. Robert Katende, kijana mchezaji wa mpira, alianza kufundisha chesi hapo mwaka 2004. Watoto hawakuja kwa sababu ya chesi. Walikuja kwa sababu alitoa uji. Msichana mmoja, Phiona Mutesi, alimfuata kaka yake mahali pale penye uji, akabaki kwenye ubao. Akaiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya timu, yaitwayo Olimpiadi ya chesi, huko Urusi mwaka 2010 na Istanbul mwaka 2012. Kisa chake kikawa kitabu, kisha filamu ya mwaka 2016 iliyoongozwa na Mira Nair, Lupita Nyong'o akiwa mama yake.

Filamu inapenda ushindi. Mimi naupenda uji. Katende hakuanza kwa kuwaambia watoto kwamba chesi itawaongezea akili. Aliweka ubao mahali ambapo watu walikuwa na sababu nyingine ya kukaa pamoja, na humo humo msichana aliyekaa akapata nafasi bila kuiomba. Kijiwe kinafanya kazi vivyo hivyo, ila sisi sababu yetu ni tairi, basi na mbao.

## Haya, ipi ngumu?

Niliahidi jibu fupi. Kuna drafti moja, ile ya Kiingereza, ambayo kingi wake hutembea hatua moja moja. Yetu si hiyo, maana kingi wetu anaruka ubao mzima kama wa Urusi. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba wameimaliza drafti hiyo ya Kiingereza. Kompyuta zilifanya kazi kwa vipindi tangu 1989, zikipita katika mchezo wenye hali zinazowezekana karibu bilioni 500 mara bilioni moja. Matokeo: wachezaji wawili wasiokosea hata kidogo watatoka sare, daima. Chesi haijamalizwa na mashine yoyote. Kompyuta Deep Blue ilimfunga bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, lakini kumfunga mtu si kuumaliza mchezo.

Kwa mashine, basi, chesi ni ngumu zaidi. Kwa binadamu aliyekaa benchini, mchezo mgumu ni ule ambao aliye mbele yake anaujua kuliko yeye.

Kwa anayetaka kuiingiza chesi Makambako au Njombe, haya ndiyo ninayoyajua kutokana na kujaribu:

- Usifungue klabu. Nenda palipo na benchi tayari.
- Pitisha sheria ya mshindi anakaa, hata kama kitabu chako cha chesi hakiitambui.
- Waache watazamaji waseme.
- Anza na askari na mfalme tu. Mchezo wa dakika tano. Vipande vingine viingie siku nyingine.
- Beba seti mbili, maana moja itapungukiwa.

Hilo la mwisho nililijua kwa uchungu. Nilirudi kwa fundi viatu mwaka uliofuata nikiwa na seti ya plastiki kwenye mfuko. Akaisogeza miguu ya wateja, akafungua ubao, akaviangalia vipande kimoja kimoja kama anavyoangalia soli. Akauliza kila kimoja kinatembeaje. Nilipofika kwa askofu, nikamwonyesha mshazari, mbali kadiri njia ilivyo wazi.

"Huyu si ndiye kingi wetu?"

"Ndiye, mzee. Ila huyu hali kwa kuruka."

"Na huyu je?" Alikuwa ameshika malkia.

Nikamweleza. Nikamweleza na zamani alivyokuwa waziri, hatua moja, kona moja, na kwamba kete zake zote pale ni waziri huyo. Akasikiliza bila kuacha kumgeuza malkia mkononi.

"Kumbe wengine walipandishwa cheo," akasema, "sisi tumebaki kijijini."

Tulipopanga jeshi, askari mmoja mweusi hakuwepo. Nikatafuta chini ya benchi, kwenye mfuko, kwenye viatu vya watu. Mama ntilie, aliyekuwa amesimama na sinia muda wote huo, akachukua kisoda cha Fanta kutoka kwenye kopo la fundi, akakiweka kwenye mraba mtupu, akaweka sinia chini, akakaa.